Begi Lisishuke Kabla ya Makubaliano: Hotuba kwa Wanaotafuta Kazi ya Kulea Watoto Dar es Salaam

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi moja ya mwaka 2024 mbele ya wanawake wanaotafuta kazi ya kulea watoto jijini Dar es Salaam. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale waliotaka kuja lakini hawakupewa ruhusa ya kutoka.

Waheshimiwa wenyeji wetu, mama zangu mliokaa mbele, dada zangu, wadogo zangu, na nyinyi kaka zetu wawili mliojibanza karibu na mlango: shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Kaka zetu, sogeeni mbele. Kazi hii ni yenu pia, na nimewahi kumwona kijana wa kiume akimlaza mtoto mchanga kwa dakika tano wakati sisi wanawake watatu tulikuwa tumeshashindwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kupata kazi ya kulea watoto katika familia za jiji hili, na jambo la kwanza ninalotaka kuwaambia ni kwamba kupata kazi si tatizo. Dar es Salaam haijawahi kupungukiwa na mama ambaye likizo yake ya uzazi ya siku 84 inakwisha na hana wa kumwachia mtoto. Siku ya 70 anaanza kupiga simu, na siku ya 80 anapiga simu huku analia. Ukisimama kwenye genge lolote la Sinza au Kimara ukasema unatafuta kazi ya dada, kabla nyanya hazijatiwa mfukoni utakuwa umeelekezwa nyumba. Je, ni wangapi hapa wamebadilisha nyumba zaidi ya tatu ndani ya mwaka mmoja? Inueni mikono. Naona. Mikono ni mingi kuliko nilivyotarajia. Basi mnaona wenyewe kwamba tatizo letu ni kuingia vibaya, na aliyeingia vibaya hutoka vibaya, mara nyingi usiku, na mara nyingi bila mshahara wa mwezi wa mwisho.

Kwa hiyo nimekuja na neno moja, nami nitalirudia mpaka mnichoke: begi lisishuke kabla ya makubaliano.

Wadogo zangu, mimi nilikuja jijini mwaka 2003 kutoka Iramba, mkoani Singida, nikiwa na miaka 18 na begi lile la plastiki lenye miraba ambalo mitaani tunaliita shangazi kaja. Jina hilo hunichekesha hadi leo, kwa sababu aliyenileta naye tulimwita shangazi, ingawa hakuwa na undugu wowote na sisi. Alikuwa mwanamke aliyefika kijijini kila mwaka baada ya mavuno, amevaa viatu vizuri, na kuondoka na wasichana wawili au watatu. Alimwambia baba kwamba kazi ni kukaa na mtoto mmoja, kwamba mama wa mtoto ni mtu mpole, na kwamba nitalipwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Baba aliuliza swali moja tu: «Atakula?» Akajibiwa kwamba nitakula mpaka nishibe. Mazungumzo yakaishia hapo. Mimi sikuulizwa kitu, wala sikujua kwamba ningeweza kuuliza.

Tulishuka Ubungo, kwenye kituo kile cha zamani, miaka mingi kabla mabasi ya mikoani hayajahamia Mbezi Luis. Kabla sijanyoosha miguu vizuri, mwanamume nisiyemjua alilichukua begi langu akalitia kwenye buti ya teksi. Hakunisalimu. Alishughulika na begi kwanza, na leo naelewa kwa nini: begi likishaingia kwenye buti, mwenye begi hufuata mwenyewe bila kuvutwa.

Tulifika Tabata. Yule mtoto mmoja niliyeambiwa alikuwa watoto watatu, na mdogo wao ana miezi minane. Palikuwa na bibi aliyepooza upande mmoja, ambaye alipaswa kugeuzwa usiku. Barazani palikuwa na jokofu, kwa kuwa mama mwenye nyumba aliuza barafu za ukwaju, na mwenye kuzifunga na kuziuza pale getini, mtoto akiwa mgongoni, nilikuwa mimi. Mishahara ya miezi miwili ya kwanza ilikwenda kwa shangazi. Nauli ya kurudi sikuwa nayo, jina la mtaa silijui, na namba ya simu ya mtu yeyote sina.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu mwanzoni nililisimulia jambo hili vibaya. Nilikuwa nikimlaumu yule mama. Kisha siku moja, tumeshazoeana na tunachambua mchele, akaniambia kwamba yeye aliambiwa nina miaka 22, nimelea watoto Dodoma kwa miaka mitatu, najua kuuguza wazee, na kazi zote nimeelezwa nikazikubali. Alikuwa amelipia msichana ambaye hayuko duniani. Shangazi aliuza uongo mara mbili, mmoja kijijini na mwingine mjini, na sisi wawili tukakaa mwaka mzima tumenuniana kwa maneno ambayo hakuna kati yetu aliyeyasema.

Mtapitia wapi basi? Madalali wapo na wataendelea kuwapo. Sisemi kwamba kila dalali ni mwongo. Nasema kwamba dalali hulipwa siku unapoingia, halipwi siku unapomaliza mwaka, na mtu hushughulikia siku anayolipwa. Ukipitia kwake, malipo yake yatoke kwa anayeajiri, yasitoke kwenye jasho lako, na uzungumze mwenyewe kwa simu na mama mwenye nyumba kabla hujapanda basi. Dalali anayekuzuia kuzungumza na mama huyo anajua kwamba mkizungumza mtalinganisha mlichoambiwa. Kuhusu matangazo ya WhatsApp na Facebook nitasema kwa ufupi: tangazo linalotaja mshahara mnono bila kutaja mtaa, liacheni lipite, na anayekuomba utume kwanza pesa ya fomu au ya vipimo, huyo hana mtoto wa kulelewa. Yupo pia anayekuahidi Dar es Salaam leo na kesho anazungumzia Muscat. Safari ya Uarabuni ni jambo jingine kabisa, lina taratibu zake za serikali na mkataba wake, na mtu anayeligeuza katikati ya mazungumzo amekwisha kukuonyesha tabia yake.

Mkiniuliza mimi njia ninayoiamini, nitawapeleka kwa watu wawili ambao hakuna anayewapa cheo chochote: dada anayefanya kazi nyumba ya jirani, na mama wa genge. Dada wa jirani husikia yanayopita juu ya ukuta saa mbili usiku, wakati mgeni hayupo. Mama wa genge yeye hajui siri za ndani, lakini anajua hesabu. Anajua nyumba ipi hutuma dada mpya kununua mchicha kila baada ya wiki tatu, na anajua nyumba ipi ina dada yule yule tangu mtoto akitambaa mpaka sasa anavaa sare za shule. Mwaka juzi msichana mmoja alinipigia simu akiwa Goba, amefika kuangalia kazi, nyumba nzuri, marumaru mpaka uani. Nikamwambia: «Nenda genge lililo karibu, nunua hoho mbili, uliza.» Alirudi kwenye simu baada ya dakika kumi. Mama wa genge alikuwa amemjibu kwa swali: «Wewe ni wa ngapi mwaka huu?» Msichana yule hakurudi kwenye marumaru.

Nawaomba pia, kabla ya kwenda kuangalia nyumba yoyote, mwachieni mtu wenu jina la mtaa, rangi ya geti, na namba ya simu ya mwenye nyumba. Mkishaanza kazi, ombeni mpelekwe ofisi ya serikali ya mtaa mkaandikishwe kama wakazi. Familia njema hailioni jambo hilo kuwa usumbufu, kwa kuwa nayo inataka kujua imemweka nani ndani.

Nawaona hapa mbele wawili watatu ambao sidhani kama mmefika miaka 18, na siwaulizi, lakini nasema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kazi isiyomdhuru mtoto wala kumnyima shule, na inakataza mtoto kufanya kazi usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sasa niambieni, ni mtoto gani mchanga anayelala saa mbili usiku akaamka saa kumi na mbili bila kumwamsha mtu? Anayemwajiri msichana wa miaka 15 alale na kichanga chake anajua anachofanya. Mkitoka hapa, zungumzeni na yule mama wa ustawi wa jamii aliyekaa kule nyuma. Amekuja kwa ajili yenu.

Tuje kwenye mazungumzo ya kwanza, ambapo nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo begi linapotaka kushuka.

Mwaka 2008 niliitwa kwenye nyumba moja ya Mikocheni. Tulikuwa wanne tumeitwa siku moja, tumepangwa barazani kama wagonjwa. Mama mwenye nyumba akatoka amembeba mtoto wa miezi sita anayelia kwa sauti ya kuchoka. Wa kwanza wetu aliruka akamnyang'anya mtoto, «Njoo kwa anti, njoo kwa anti!» Wa pili akaanza kuimba. Wa tatu akatoa simu yenye taa za rangi. Zamu yangu ilipofika nilisema: «Mama, naomba kwanza maji ninawe.» Nilikuwa nimeshika bomba la daladala kutoka Mwenge mpaka pale. Nikanawa mpaka vifundoni, kwa sabuni, nikajifuta kwa kanga yangu niliyokuja nayo, nikaketi karibu ili mtoto anitazame akiwa bado kwenye mapaja ya mama yake. Ndipo nikampokea. Mtoto akanyamaza? Hapana, hakunyamaza. Aliendelea kulia kama kawaida. Nikauliza: «Tangu asubuhi amelala saa ngapi?» Mama akatazama saa ya ukutani, akahesabu kwa vidole, akagundua kwamba kwa shughuli ya kutupokea sisi wanne mtoto hakuwa amelala hata kidogo. Kumbe alikuwa na usingizi tu! Nilifanya kazi nyumba hiyo miaka mitano.

Siwasimulii haya ili mwende mkanawe mikono mbele ya watu kama maigizo. Nawasimulia kwa sababu wengi wetu tunaingia kwenye mazungumzo yale tukidhani tunatakiwa kujibu tu. Tunaulizwa, «Unajua kupika?» Tunasema ndiyo. «Unajua kufua?» Ndiyo. «Utaweza?» Nitaweza. Mwisho tunaonyeshwa chumba, begi linashuka. Lakini mama anayekukabidhi mtoto anataka kumwona mtu anayefikiri juu ya mtoto huyo, na mtu anayefikiri huuliza. Ombeni mwone kadi ya kliniki. Ina chanjo zake, ina uzito wake mwezi baada ya mwezi, na mama akiona unaifungua na kuisoma atakaa kwenye kiti vizuri. Ulizeni kama amewahi kupata degedege, kama ana pumu, kama kuna chakula kinachomdhuru. Ulizeni akiugua mchana umpigie nani kwanza na umpeleke hospitali gani. Na wewe uwe na la kujibu ukiulizwa. Ukiulizwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja akipaliwa na asiweze kulia wala kukohoa utafanya nini, usiseme utamwombea maji. Utamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige kwa kiganja mapigo matano katikati ya mabega huku unaita msaada, na hutamtia kidole kooni kutafuta kitu usichokiona. Jambo hilo hujifunzwa kwa mikono, hulijui kwa kulisikia kwangu. Nesi yupo hapa leo saa nane mchana na ana mwanasesere wa kufanyia mazoezi.

Kisha ulizeni yanayowahusu nyinyi. Watoto ni wangapi, na ni nani wengine wanaolala humu ndani? Nitalala wapi, na mlango wa chumba hicho una komeo kwa ndani? Kazi ni ya kulea peke yake, au kulea na kupika na kufua na kudeki na kuuza barafu? Kama kuna kamera, ziko wapi? Nitaweza kushika simu yangu saa ngapi? Siku yangu ya kupumzika ni ipi? Msione haya kuuliza juu ya komeo. Mwenye nyumba anayekasirika kwa swali la komeo amekujibu.

Na kuna swali moja ambalo wengi hulisahau, nami nililisahau kwa gharama kubwa: ni nani mwenye neno la mwisho kuhusu mtoto? Katika nyumba moja nililea mtoto wa miezi minne. Mama yake, kabla ya kwenda kazini, aliacha maziwa yake aliyokamua kwenye chupa, akaniambia mtoto asionje kitu kingine chochote mpaka atimize miezi sita, kama walivyomwelekeza kliniki. Saa nne asubuhi bibi mzaa baba akatoka chumbani na kikombe cha uji mwepesi, akasema mtoto wa watu anakauka koo. Nifanyeje? Nikimkatalia bibi, nimemkosea mtu mzima nyumbani kwa mwanawe. Nikimkubalia, nimemsaliti mama aliyeniamini. Siku ya kwanza nilisema mtoto amelala. Siku ya pili nikasema amelala. Siku ya tatu mtoto alikuwa macho, anacheka, na bibi alimwona. Jioni niliomba wote wawili waketi, nikasema mbele yao: «Mimi ni mgeni humu, naomba mnielekeze kwa kauli moja.» Ulikuwa ugomvi ambao sitaki kuukumbuka, lakini haukuwa wangu tena. Laiti ningeuliza siku ile ya kwanza!

Sasa mshahara. Naona mmekaa vizuri.

Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilitutaja. Kwa viwango vyake vya wakati huo, mfanyakazi wa nyumbani aliyeajiriwa na mabalozi au wafanyabiashara wakubwa hakutakiwa kulipwa chini ya shilingi 250,000 kwa mwezi. Aliyefanya kazi kwa maofisa waliostahili kupewa huduma hiyo, 200,000. Asiyelala kwa mwajiri, 120,000. Na wengine waliobaki, 60,000. Amri hizi hubadilika, kwa hiyo kila mwaka ulizeni ofisi ya kazi kiwango kilichopo. Mimi nina maoni yangu juu ya hizo 60,000, na mtu yeyote aliyewahi kuamka mara nne usiku kwa ajili ya mtoto asiye wake anaweza kuyakisia. Lakini nataka mkumbuke kwamba hicho ni kima cha chini, ni sakafu ya nyumba, na hakuna sheria inayowakataza kuomba zaidi ya sakafu, hasa ukiwa na uzoefu, ukiwa na watoto wawili chini ya miaka mitatu mikononi, au ukiwa na kazi za usiku.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo haikuandikwa kwa ajili ya watu wa maofisini peke yao. Saa za kawaida za kazi ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Kila wiki una saa 24 mfululizo za kupumzika. Kwa mwaka una siku 28 za likizo yenye malipo. Mwajiri anatakiwa akupe maelezo ya kazi kwa maandishi, na kama huelewi maandishi, akueleze kwa namna unayoielewa. Najua mnavyocheka. Najua kwamba hakuna kichanga kinachohesabu saa 9 kikasema sasa dada kapumzike. Nami siwaambii mwende mkamsomee mama vifungu siku ya kwanza. Nawaambia kwamba karatasi moja ya daftari, yenye tarehe, kazi, mshahara, siku ya kulipwa, siku ya mapumziko na sahihi mbili, imeokoa watu wengi kuliko maneno matamu. Andikeni pia kwamba mshahara utalipwa kwenu wenyewe au kwenye namba ya simu mtakayoitaja nyinyi. Kama unataka kumtumia baba, utamtumia wewe. Ipo tofauti kubwa kati ya binti anayetuma pesa nyumbani na binti ambaye pesa yake inatumwa.

Mkifika mahali pa kuonewa, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka lalamiko, na kwa madai mengine, kama mishahara ambayo haikulipwa, ni siku 60. Siku hizo zinapita haraka kwa mtu aliyerudi kijijini kutulia kwanza. Na chama cha wafanyakazi kipo, CHODAWU, cha watu wa hifadhi, hoteli na majumbani, ambacho herufi moja katika jina lake, ile D, ni yetu sisi wa majumbani. Niseme pia jambo moja dogo ambalo hunifurahisha: tarehe 16 Juni, ambayo Afrika huwakumbuka watoto wa Soweto wa mwaka 1976, ndiyo tarehe ambayo mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 kuhusu kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Mtoto na mlezi wake wameangukia siku moja. Halafu kuna watu bado wanatuita beki tatu.

Wapo wanaotamani Masaki na Oysterbay, kwa familia za wageni. Tamaa hiyo siilaumu, mshahara wa huko mara nyingi ni mzuri na jioni unarudi kwako. Lakini jueni mambo yake. Familia hizo nyingi hukaa miaka miwili au mitatu kisha huhama, na hupeana wafanyakazi wao kwa wao, kwa barua. Bila barua kutoka kwa mwajiri wa zamani, geti hilo ni zito. Rafiki yangu mmoja alilea mapacha wa familia ya kigeni kwa miaka mitatu. Siku ya kuondoka walilia wote uwanja wa ndege, wakampa friji, wakampa na pazia. Barua hakuomba, alidhani wataelewa wenyewe. Miezi minne baadaye ana friji, hana kazi, na anuani ya barua pepe waliyomwachia haijibu. Ombeni barua mwezi mmoja kabla, yenye tarehe ya kuanza na kumaliza, umri wa watoto mliowalea, na namba inayopatikana. Waombeni hata hawa waajiri wetu wa Tabata na Kijichi. Hawajazoea kuandika, lakini ukimwekea karatasi na kalamu mezani ataandika.

Na mkitaka kuondoka, ondokeni mchana. Toeni notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza wa kazi, notisi ni siku 28, na inawafunga wote wawili, wewe na mwajiri. Nimewahi kuitwa na mama mmoja aliyeamka asubuhi akakuta mtoto wa miaka miwili amekaa peke yake sebuleni, amevaa viatu vya dada, anamsubiri dada arudi kuvichukua. Dada alikuwa ameshafika Chalinze. Nilipompata kwa simu alikuwa na sababu zote za kuondoka, kila moja ya kweli, na bado alilia nilipomweleza habari ya vile viatu.

Nimesema vya kutosha, na saa inanitazama. Hatutafunga kwa makofi. Tumepanga viti viwili hapa mbele, na begi langu lile lile la miraba liko chini ya meza, nimekuja nalo makusudi. Wewe dada mwenye kitambaa cha kijani, uliyeinua mkono kwamba umebadilisha nyumba nne mwaka huu, njoo. Msimcheke, anafuata jirani yake. Lishike begi, simama pale mlangoni. Mimi ni mama mwenye nyumba, nimechelewa kazini, mtoto ananililia mgongoni, na nimekufungulia geti nikisema: «Karibu, dada, weka begi ndani halafu tutaongea.»

Haya. Nijibu.